Bastola ya Mfukoni: Historia ya Kuizuia Isilie

Ukimuuliza mtu bastola ya kubeba kwa siri ili kujilinda inatakiwa iwe na sifa gani, atakujibu haraka: iwe ndogo, iwe nyepesi, na ifyatue bila kugoma. Sawa. Lakini ukiifuatilia historia yake kule Marekani, ambako silaha hii iligeuka biashara kubwa, utaona mafundi walihangaika sana na swali jingine: tutaizuiaje isilie wakati hatutaki? Twende taratibu.

Tuanze na udogo. Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, alikuwa maarufu kwa bastola fupi ya kuingia mfukoni, yenye risasi moja tu. Tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth aliingia nayo Ford's Theatre jijini Washington akampiga Rais Abraham Lincoln kichwani. Angalia kilichofuata: Meja Henry Rathbone alipomvamia, Booth aliiacha bastola akamkata kwa kisu. Risasi ilikuwa moja, na imekwisha. Udogo ulitatua tatizo la kuficha, basi. Mengine yote yalibaki pale pale.

Revolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ilikuwa na jibu la hilo: risasi tano au sita. Kumbe nayo ina balaa lake. Nyuma ya silinda kuna nyundo. Ukivuta kifyatulio, nyundo inaruka mbele na kugonga fataki kwenye kitako cha risasi. Fataki inawasha baruti, risasi inatoka. Sasa, kwenye Colt ya 1873, ile ya filamu za makauboi, nyundo ikilala, ncha yake inaegemea juu ya fataki yenyewe. Kulikuwa na jino la kuizuia kwa nyuma kidogo, lakini lilikuwa jembamba na pigo kali liliweza kulivunja.

Hebu tupige hesabu ya sekondari. Bastola ya kilo moja ikidondoka kutoka kiunoni, tuseme mita moja, inafika chini kwa kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya karibu jouli 10. Ikitua kwa nyundo, sehemu ndogo tu ya nishati hiyo inatosha kuwasha fataki. Ndiyo maana wenye uzoefu walijaza risasi tano kwenye silinda ya sita, nyundo wakailaza juu ya tundu tupu. Usalama ulikuwa kwenye mazoea ya mtu, si kwenye chuma. Na binadamu, unamjua, anasahau.

Mwaka 1887 Smith & Wesson wakaleta revolva ya mfukoni ambayo nyundo yake imefichwa ndani kabisa. Haikuwa na cha kunasa kwenye kitambaa unapoitoa, wala cha kugonga sakafu ikianguka. Juu ya hapo, nyuma ya mpini waliweka kipande cha chuma: usipokikaza kwa kiganja, bastola hailii. Watu wakaibatiza jina la kikamulio cha limau. Inasimuliwa kwamba Daniel Wesson alifikia uamuzi huo baada ya kusikia habari ya mtoto aliyejeruhiwa. Iwe kweli au hadithi ya kuuzia bidhaa, mantiki yake inaeleweka: kiganja kidogo kinapata taabu kukaza mpini na kuvuta kifyatulio kizito kwa wakati mmoja.

Kampuni ya Iver Johnson ya Massachusetts ilipita njia nyingine. Nyundo yao haigusi kabisa pini inayopiga fataki. Katikati kuna nafasi, na kipande kidogo cha chuma hupanda kuijaza pale tu unapovuta kifyatulio. Usipovuta, hata ukiipiga nyundo hiyo kwa nyundo ya seremala, pigo halina njia ya kufika. Na kweli, matangazo yao yaliwaambia wateja waigonge tu! Ni ubunifu mzuri sana, na wazo hilo bado linatumika kwenye revolva za leo.

Ila sasa ngoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni hiyo ilitoa tangazo lenye picha ya msichana mdogo kitandani, mdoli pembeni, revolva mkononi. Maneno yake yalikuwa kwamba baba amesema haiwezi kutuumiza. Soma tena hapo. Kipande kile kilizuia bastola kulia *ikianguka*. Hakikuwa na uwezo wowote wa kuzuia *kidole*, na mtoto ana vidole kumi. Teknolojia ilitatua ajali ya aina moja, tangazo likaiuza kama dawa ya ajali zote.

Ajali ya pili ilikuja na bastola za magazini. Colt ya 1903, iliyobuniwa na John Browning, iliuzwa kwa jina la bastola isiyo na nyundo, ingawa nyundo ilikuwemo, imefunikwa tu. Ilikuwa bapa, ikikaa mfukoni vizuri. Lakini ukichomoa magazini kwenye bastola ya aina hii, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba. Mtu anashika magazini mkononi, anajiambia iko tupu, anavuta. Walther PP ya Ujerumani, 1929, ilijibu kwa kipini kinachochomoza nyuma kuashiria kwamba chemba ina risasi. Kinasaidia, ila kwa anayejua maana yake.

Hata Glock ya 1982, kutoka Austria, yenye kiwiko kidogo juu ya kifyatulio, imefuata mkondo huo. Ikianguka inavumilia. Kamba ya koti ikiingia kwenye kifyatulio na kukivuta, yenyewe haiwezi kujua kama ni kidole au kamba. Ndiyo maana ala inayofunika kifyatulio chote ni sehemu ya usalama wake, siyo pambo.

Kwa hiyo ukisikia silaha inasifiwa kuwa ni salama, uliza maswali mawili: imezuia ajali gani, na imeacha ipi? Nyundo iliyofichwa inazuia kunasa. Kipande cha Iver Johnson kinazuia kuanguka. Kipini cha Walther kinapunguza kusahau. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomzuia mtoto aliyeikuta chini ya mto. Hilo, miaka yote hii, limebaki kazi ya kabati lenye kufuli na mtu mzima anayekumbuka kulifunga.