Silsila ya Sunderland: Kutoka Arbroath Hadi Bunju

Msafiri atokaye mjini kwa njia ya Bagamoyo, akiisha kuzipita Mwenge na Lugalo, hufika Tegeta, ambako kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji humkabili kwa mkono wa kushoto. Na mbele yake, baada ya Boko, ni Bunju, ulipo uwanja wa mazoezi wa klabu ya Simba. Vijana wa Tegeta wavaao jezi nyekundu aghalabu hudhani kwamba nasaba ya klabu yao huanzia Msimbazi na kukomea papo hapo, ilhali tawi moja la nasaba hiyo, lile la jina lake la zamani, Sunderland, limechipuka ng'ambo ya bahari, kwa watu wa Uskoti waliouza jasho lao kwa Waingereza, na mmoja wao, ambaye ni nadra kutajwa katika vijiwe vyetu, ni mlinda mlango Ned Doig.

Kandanda ya ujira ilihalalishwa Uingereza mwaka 1885, lakini Uskoti haikuiridhia mpaka 1893. Basi katika miaka hiyo minane Mskoti aliyetaka kulishwa na mchezo hakuwa na budi kuvuka mpaka kwenda kusini. Mji wa Sunderland, mji wa waunda meli na wachimba makaa, ambao klabu yake iliasisiwa mwaka 1879 na mwalimu wa Kiskoti, James Allan, uliwapokea kwa mikono miwili, hata ikawa tarehe 27 Aprili 1895, Sunderland, mabingwa wa Uingereza, walipokwenda Edinburgh kuwakabili Hearts, mabingwa wa Uskoti, na kuwashinda kwa mabao 5 kwa 3, wachezaji wao wote 11 walikuwa Waskoti.

Doig, aliyezaliwa mwaka 1866 karibu na Arbroath, aliingia Sunderland mwaka 1890, na mechi yake ya kwanza ikaigharimu klabu pointi mbili, kwa kuwa alichezeshwa kabla ya usajili wake kukamilika. Jambo hilo shabiki wa Dar es Salaam, aliyezoea rufaa na pointi za mezani, halitamshangaza. Alikuwa na upara, akiusitiri kwa kofia, na husimuliwa kwamba kofia ikimvuka aliikimbilia kabla ya mpira. Kwa miaka 14 alilinda lango hilo, akatwaa ubingwa mara nne, 1892, 1893, 1895 na 1902, ingawa tangu 1901 sheria haikumruhusu mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Mwaka 1904, umri wake ukiwa miaka 37, alihamia Liverpool na kuisaidia kurejea daraja la kwanza. Akafariki mwaka 1919 kwa homa ya mafua iliyoenea duniani, ile ile iliyoifikia hata pwani yetu.

Mwaka 1936, Sunderland ya Uingereza ilipotwaa ubingwa wake wa sita, hapa Dar es Salaam jamaa waliojitenga na Yanga waliunda klabu yao, ikaitwa Queens, kisha Eagles, na hatimaye Sunderland; na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965 na 1966. Walakini walioazima jina hawakuazima ujira: mchezo ulikuwa wa ridhaa, na mchezaji alichuma riziki yake kwa kazi nyingine, jioni ndipo akaenda uwanjani.

Mwaka 1971 jina likawekwa kando, klabu ikaitwa Simba. Na ujira, uliochelewa njiani, ukaja kuwakuta wenyeji wakiitwa jina jingine. Mwaka 2024 klabu hiyo ilimsajili Moussa Camara, mlinda mlango wa Guinea, aliyevuka mipaka mingi kuliko Doig kuja kuifanya kazi ile ile. Na alipofika Bunju kwa mazoezi, aliikuta Simba, wala hakuikuta Sunderland.