Mtandao usio na waya: amri itoke wapi?

Katika manispaa ya Uccle, kusini mwa Brussels, taasisi tatu za serikali ya Ubelgiji zinatumia eneo moja: Kituo cha Kifalme cha Kuchunguza Nyota, Taasisi ya Kifalme ya Hali ya Hewa, na ile ya utafiti wa anga za juu iliyoundwa mwaka 1964.

Tangu mwaka 1981, hesabu ya kimataifa ya madoa ya jua hutunzwa hapo.

Eneo la namna hiyo, lenye wakuu watatu, ladhihirisha swali ambalo wahandisi wamebishania kwa zaidi ya miaka ishirini: je, vituo vya waifai vitawaliwe na mtambo mmoja, au kila kimoja kijitawale?

Baada ya kiwango cha 802.11 kutolewa mwaka 1997, kila kituo kilijitegemea. Neno la siri lilipobadilika, fundi alilazimika kuvizungukia vyote. Vituo jirani navyo viligombania mawimbi, kwani katika masafa ya gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu.

Mtambo mkuu uliondoa adha hiyo. Wenyewe hugawa njia na kupima nguvu ya mawimbi, na mtu hutoka jengo moja hadi jingine bila kukatikiwa. Mwaka 2005 kampuni ya Cisco iliinunua Airespace, iliyotengeneza mitambo hiyo. Itifaki ya pamoja, CAPWAP, ikachapishwa mwaka 2009.

Lakini mtambo ukizimika pasipo wa akiba, chuo kizima chaweza kunyamaza. Afrika Mashariki, ambako umeme hukatika, hilo si jambo la kudhania.

Siku hizi uongozi huhamishiwa pia kwenye mitambo ya mbali kupitia intaneti, nako kuna mtego wake. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, huduma zilizorota Kenya, Tanzania na Uganda. Vituo vingi vya aina hiyo huendelea kupitisha data. Kinachokwama ni usimamizi, na pengine kuwatambua watumiaji wapya.

Njia ya kati ni eduroam, ulioanzia Ulaya mwaka 2003. Ubelgiji huusimamia kupitia Belnet, Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU. Mhadhiri wa Makerere akiwa Brussels, neno lake la siri huhakikiwa na chuo chake huko Kampala. Mwenyeji huambiwa tu kama anaruhusiwa. Kwa utaratibu huo, hata wakuu watatu wa eneo moja waweza kutumia jina moja la mtandao bila yeyote kumkabidhi mwenzake orodha ya watumishi wake.