Wanawake wa Uganda na vita vya kalamu: historia inayopita Ntinda

Barabara inayotoka Nakawa kwenda Ntinda, jijini Kampala, haikosi msongamano. Bodaboda hupenya katikati ya taksi, na biashara husogea hadi ukingoni mwa lami. Pembeni mwa barabara hiyo, kwenye njia iitwayo Vubya Close, ndiko ziliko ofisi za FOWODE, jukwaa la wanawake katika demokrasia lililoanzishwa mwaka 1995. Mpita njia anaweza asilione bango lake. Hata hivyo, kazi ya wanawake walioliunda na wenzao imegusa Katiba ya Uganda, hati za ardhi za vijijini na bajeti ya taifa.

Mfumo dume nchini humo haukusimama kwa mila peke yake. Uliandikwa, ukatiwa saini, ukapigwa mhuri na kufundishwa darasani. Kwa sababu hiyo, wanawake waliotaka kuung'oa walilazimika kuingia kwenye vyumba ambamo karatasi zinaandikwa.

Karatasi iliyoacha alama kubwa kuliko zote ni Mkataba wa Buganda wa Machi 10, 1900, kati ya Waingereza na watawala wa Buganda. Kabla yake, mama wa Kabaka (mfalme wa Buganda), yaani Namasole, alikuwa na baraza lake, machifu wake na ardhi yake. Mkataba ulipogawa ardhi kwa maili za mraba, Kabaka alipata 350, na machifu pamoja na wamiliki binafsi wapatao 1,000 wakatengewa 8,000. Namasole aliandikiwa 16, mama wa Kabaka aliyetangulia, Mwanga, 10, na mabinti wa kifalme, dada na jamaa za Kabaka wakagawana 90. Mwanamke wa kawaida, aliyelima migomba iliyolisha nyumba nzima, hakuwekewa fungu lolote. Miaka minne baadaye ikaja sheria ya talaka. Mume alihitaji kuthibitisha uzinzi tu ili amwache mkewe. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine juu yake, kama vile ukatili au kutelekezwa.

Hata aliyekuwa juu kabisa hakusalimika. Mwaka 1941, Irene Drusilla Namaganda, mama wa Kabaka Mutesa II na mjane wa Daudi Chwa, aliamua kuolewa tena, na mwanamume aliyemchagua, Peter Kigozi, hakuwa wa ukoo wa kifalme. Mila ilimtaka Namasole abaki mjane hadi kifo. Buganda ikachafuka, na Katikiro Martin Luther Nsibirwa, aliyeiunga mkono ndoa hiyo, akalazimika kujiuzulu. Uamuzi wa mwanamke mmoja kuhusu maisha yake mwenyewe ulimwondoa waziri mkuu wa ufalme madarakani.

Miaka minne baada ya sakata hilo, Makerere ilipokea wasichana wake wa kwanza, sita tu. Kaulimbiu ya chuo wakati huo iliwataka wanafunzi wawe wanaume. Wasichana walipoingia, ilibidi itafutwe nyingine, na chuo kikaanza kujinadi kuwa kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Katika miaka ya 1950 na 1960, Baraza la Wanawake wa Uganda likaibeba hoja ya ndoa na mirathi mbele ya serikali, likidai mjane asifukuzwe katika nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe.

Nafasi kubwa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980. Tume ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilikuwa na wajumbe 21, na wanawake walikuwa wawili: Miria Matembe na Mary Maitum. Walikuwa wachache kweli, lakini walikuwa ndani. Mwaka 1994 ulipofanyika uchaguzi wa Bunge la Katiba, kila wilaya ilipeleka mwakilishi mwanamke, na wengine wakashindana na wanaume majimboni wakawashinda. Mmoja wao alikuwa Winnie Byanyima, mhandisi wa ndege, aliyeshinda katika Manispaa ya Mbarara. Wanawake hao waliunda kundi lao ndani ya bunge hilo, wakasoma rasimu kifungu kwa kifungu na kutafuta kura za wenzao.

Katiba ilitangazwa Oktoba 8, 1995. Kifungu cha 33 kinampa mwanamke hadhi sawa na mwanamume na kupiga marufuku sheria, mila na desturi zinazomdhalilisha. Baada ya bunge hilo kumaliza kazi yake, wanawake wa kundi lile hawakutawanyika. Walianzisha FOWODE.

Mtihani ulikuja upesi. Mwaka 1998 Bunge lilijadili Sheria ya Ardhi, na Matembe akapigania kifungu cha kuwafanya mume na mke wamiliki kwa pamoja ardhi ya familia. Kifungu kilipita. Sheria ilipochapishwa, hakikuwamo. Wanawake walipiga kelele, wakaandamana na kuandika, lakini hakikurudishwa. Marekebisho ya mwaka 2004 yalimpa mke haki ya kukaa kwenye ardhi ya familia na kuizuia isiuzwe bila ridhaa yake. Ni kinga ya maana, ila umiliki wa pamoja ni jambo jingine, na deni hilo bado halijalipwa.

Somo la 1998 liliwafundisha kuufuatilia waraka hadi mwisho. FOWODE ikageukia bajeti, mahali ambapo ahadi hupewa fedha au hunyimwa. Vikundi vyake vijijini huketi na takwimu za kituo chao cha afya au shule yao, kisha huwauliza viongozi: dawa zilizoandikwa hapa ziko wapi? Mkunga mbona hayupo? Tangu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, bajeti ya taifa haitakiwi kwenda bungeni bila cheti kinachothibitisha kwamba imezingatia jinsia na usawa.

Mwaka uleule wa 1995, mapambano haya yalipata ndugu yake wa upande wa fasihi. Ukitoka Ntinda kupitia Bukoto unafika Kamwokya, kwenye Barabara ya Kira, yaliko makao ya FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoasisiwa na Mary Karooro Okurut, wakati huo mhadhiri wa fasihi Makerere. Barbara Kimenye alikwisha kuchapisha hadithi zake za Kalasanda mwaka 1965, lakini waandishi kama yeye walihesabika. Lawino wa Okot p'Bitek, mwanamke anayejulikana kuliko wote katika fasihi ya Uganda, alipewa sauti na mwanamume.

FEMRITE iliwafundisha wanawake kuandika, ikahariri miswada yao na kuichapisha yenyewe. Mwaka 1998 pekee zilitoka riwaya za Okurut na Ayeta Anne Wangusa, na mashairi ya Susan Kiguli. Mwaka 2007 Monica Arac de Nyeko, aliyelelewa katika chama hicho, akawa Mganda wa kwanza kutwaa Tuzo ya Caine. Jennifer Nansubuga Makumbi, katika riwaya yake *The First Woman* ya mwaka 2020, alirejea kwenye masimulizi ya kale ya Buganda. Humo ndimo anamopatikana Nambi, mwanamke wa kwanza, anayelaumiwa kwa kukileta kifo duniani kwa sababu ya ulezi wa kuku. Na ni Buganda hiyohiyo ambako wanawake walikatazwa kwa vizazi vingi kula kuku na mayai. Hadithi na mwiko vilifanya kazi pamoja. Anayetaka kuuvunja mwiko hana budi kuisimulia hadithi upya.

Mahakama nazo zimesogea. Vifungu vya ubaguzi vya sheria ya talaka ya 1904 vilibatilishwa mwaka 2004, vya Sheria ya Mirathi vikafuata mwaka 2007, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakataza kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika. Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha Sheria hiyo ya Mirathi, na fungu la mjane, lililokuwa asilimia 15, likapanda hadi 20.

Hata hivyo, sheria iliyofungiwa kwenye kabati la Kampala haimlindi mjane wa Gulu au Masaka siku mashemeji wanapokuja kuchukua funguo. Kazi iliyobaki ni kuzifikisha sheria hizi kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na Kiswahili, zisomwe kwa sauti kwenye vikao vya kijiji, mazishini na makanisani, na wenyeviti wa mitaa wawajibishwe wanapozipuuza. Wanawake waliingia kwenye chumba cha kuandika kwa jasho. Walichokiandika kinastahili kutekelezwa.