Kruč na Mzozo wa Asili Yake: Wakroatia wa Molise katika Macho ya Wageni

Dai kwamba wakazi wa Acquaviva Collecroce, kijiji cha wakulima kilicho juu ya kilima katika jimbo la Molise, kusini mwa Italia, ni masalia ya Waserbia lilipata nguvu mwaka 1885, pale Risto Kovačić alipochapisha taarifa ya safari aliyoifanya huko mwaka uliotangulia, na mpaka leo dai hilo hurudiwa na waandishi wasiojali kuulizana limetoka wapi. Wanakijiji wenyewe hukiita kijiji chao Kruč, na lugha yao huiita na-našu, yaani «kwa namna yetu». Katika majina hayo mawili hakuna Mserbia wala Mkroatia, na mzozo uliofuata uliendeshwa na watu wa mbali.

Chanzo cha uhamaji wao kinajulikana vya kutosha. Dola ya Osmani iliiteka Bosnia mwaka 1463 na Herzegovina mwaka 1482, watu wa Dalmatia ya bara wakaanza kuvuka bahari ya Adria kwa makundi, na upande wa pili wakawakuta makabaila waliohitaji wakulima mno, kwa kuwa tetemeko la mwaka 1456 lilikuwa limeangamiza vijiji vingi vya kusini mwa Italia. Ushahidi ulio bora kuliko wote katika jambo hili, ambao watetezi wa pande zote wameupita haraka mno, ni maandishi ya Kilatini juu ya mlango wa kanisa la Palata, kijiji jirani, yanayoeleza kwamba watu wa Dalmatia ndio waliokaa mahali hapo kwanza, wakalijenga hekalu hilo tangu msingi mwaka 1531. Maandishi hayo yanataja walikotoka watu hao, yanataja mwaka, na hayana taifa la kulitumikia. Palata imekwisha kuipoteza lugha ya wajenzi wake, kama ilivyoipoteza San Giacomo degli Schiavoni, ambayo imebaki na Waslavi katika jina tu. Lugha imedumu katika vijiji vitatu, yaani Kruč, Mundimitar (kwa Kitaliano Montemitro) na Filič (San Felice del Molise).

Kovačić alikwenda Molise akiwa na jibu mfukoni. Karne ya 19 ilikuwa zama za kuhesabu ndugu waliopotea, na kila kundi la Waslavi wa kusini lililogunduliwa ng'ambo lilikuwa mali ya aliyewahi kulitangaza. Tofauti kabisa ni Milan Rešetar, mwanaisimu mzaliwa wa Dubrovnik, ambaye kitabu chake cha mwaka 1911, kilichochapishwa Vienna kwa Kijerumani, kiliacha nasaba kando kikapima matamshi. Aliona kwamba irabu ya kale ya Kislavi ambayo wanaisimu huiita jat imegeuka i katika vijiji hivi, hata neno la «mzuri» kwa jinsi ya kike likawa lipa, wakati Dubrovnik husema lijepa. Aliona pia kwamba neno lao la «nini» ni što, wala si ča linalosikika katika visiwa na sehemu kubwa ya pwani. Sifa hizo mbili zikikutana huwafungia njia wale waliopendekeza pwani ya kaskazini, karibu na Zadar, na humpeleka mchunguzi kwenye nchi iliyo nyuma ya mlima Biokovo na bonde la mto Neretva, pande za Imotski na Vrgorac, ambako leo wanaishi Wakroatia. Uhaba wa maneno ya Kituruki katika lugha hiyo unaonyesha, zaidi ya hayo, kwamba watu hawa waliondoka kabla utawala mpya haujazama katika maisha ya nyumbani. Thamani ya hitimisho hilo huongezeka mtu akikumbuka kwamba Rešetar mwenyewe alikuwa miongoni mwa Wakatoliki wa Dubrovnik waliojihesabu kuwa Waserbia: ushahidi wake haukumfaa yeye, na bado aliuandika.

Heshima anayostahili Rešetar haistahili kupewa wale wanaoifanya sherehe ya tarehe 1 Mei kuwa ibada ya kipagani iliyovushwa kutoka Dalmatia. Siku hiyo mtu mmoja wa Kruč huingia ndani ya umbo la pia lililofunikwa majani na maua, liitwalo maj, akazungushwa kijijini kwa nyimbo za kuombea mavuno. Ni sherehe ya kupendeza, lakini Fossalto, kijiji cha Molise kisicho cha Waslavi, kina umbo la majani linalofanana nalo siku hiyo hiyo, na mwenye kutafuta asili yake angeanza kwa jirani.

Yaliyofuata baada ya uhamaji ni machache. Daktari Nicola Neri wa Kruč alinyongwa Napoli mwaka 1799 kwa kuiunga mkono jamhuri ya mji huo iliyoanguka. Sheria ya Italia nambari 482 ya mwaka 1999 iliitambua jamii ya Wakroatia. Na mwaka 2000 Walter Breu na Giovanni Piccoli walitoa kamusi ya lugha ya Kruč. Wakati huo huo wenyeji wengi, hasa wa Mundimitar na Filič, walikuwa wamekwisha kuhamia Perth, Australia. Wanaisimu wanaoiandika lugha hii na wafike huko pia, kabla wazee waliozaliwa Molise hawajamalizika.