Nani Amealikwa Kwenye Mkutano wa Mawe?

Usiku mmoja rafiki yangu anayefundisha jiolojia alinitumia meseji: "Boss, siku moja tulete kongamano la kimataifa la mineralojia tumizi hapa Kakamega. Wewe wa historia utatuandikia ukurasa mmoja wa kukaribisha wageni." Nikacheka, halafu nikakubali. Ukurasa mmoja, si ni kazi ya jioni moja tu? Kumbe.

Mineralojia tumizi ni elimu ya kuliuliza jiwe maswali ya kazi. Dhahabu imekaa vipi humu ndani? Iko huru kwenye mishipa ya kwatzi, au imefungwa ndani ya madini yenye salfa? Ukisaga, itatoka? Na mabaki yakishatupwa, ni sumu gani itaingia mtoni? Kongamano la kwanza la kimataifa la fani hii lilifanyika Johannesburg mwaka 1981. Baadaye wataalamu wakakutana Göttingen, Brisbane, Trondheim. Kakamega nayo ina cha kuonyesha: miamba yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ni ndugu wa ile ya Migori na ya Geita kule Tanzania.

Kwa hivyo nikaanza na mwaka 1931. Mwaka huo L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mlowezi huko Turbo, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa chini, na nzige walikuwa wamefyeka mashamba. Walowezi waliokaribia kufilisika wakaacha jembe, wakaja na karai. Mamia yao wakapiga hema kwenye vijito vyetu.

Baada ya wachimbaji akaja mtaalamu. Mwaka 1932 Sir Albert Kitson, aliyewahi kuongoza idara ya jiolojia ya Gold Coast, Ghana ya leo, aliletwa kuichunguza Kakamega na kuiandikia serikali ripoti. Mawe yetu yakapata mtu wa kuyasemea. Wenye shamba je?

Hapo ndipo kalamu yangu ilikwama. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imetenga ardhi ya Waafrika kwa matumizi yao, tena ikatumia neno "milele". Ikiwa kipande kingechukuliwa, baraza la wenyeji lilipaswa kuulizwa, na ardhi nyingine ya kiasi hichohicho kutolewa badala yake. Dhahabu ilipoonekana, hiyo milele haikumaliza hata miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa: kwa ajili ya migodi, ardhi ingeweza kutolewa bila kuliuliza baraza, na fidia ikawa pesa, si shamba. Waliopitisha mabadiliko hayo walikaa katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi, ambamo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia 1944.

Mwanzoni mwa 1933 habari hizo zilijadiliwa hadi katika Bunge la Uingereza, na wapo waliosema wazi kwamba ahadi imevunjwa. Mashimo yakaendelea kuchimbwa. Huku nyumbani watu hawakunyamaza. Hofu ya kupoteza ardhi ilikipa nguvu chama cha North Kavirondo Central Association, na chama hicho kilikuwa miongoni mwa waliosukuma jina moja kwa jamii zetu nyingi: Abaluyia. Yaani jina ambalo leo tunajitambulisha nalo, kwa sehemu fulani, lilikolezwa na ugomvi wa dhahabu.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952. Miaka miwili baadaye ikachapishwa ripoti ya A. Huddleston kuhusu jiolojia ya wilaya ya Kakamega. Kampuni ilikuwa imeshaondoka. Mashimo yalibaki, na watu wanachimba hadi leo.

Nilienda Rosterman kuona nitawaonyesha wageni nini. Chini ya turubai nilimkuta mama mmoja akiponda mawe. Nikaokota jiwe jeupe, safi, linang'aa. Akacheka. "Hilo halina kitu, mwanangu. Tafuta lenye kutu."

Nilimwambia rafiki yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ni mada ya somo lake la muhula mzima. Kutu ile ni alama ya madini ya chuma na salfa yaliyooza kwa hewa na maji, na yakioza huiachilia dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani yake. Mama hakusoma hayo popote. Anayajua kwa macho na kwa njaa.

Ila kuna jambo moja ambalo macho hayamwonyeshi. Unga wa mawe ukishaoshwa, huchanganywa na zebaki ili ishike chembe za dhahabu, kisha zebaki inachomwa. Moshi wake hauna rangi ya kutisha, lakini unaingia kwenye mapafu na kuharibu neva. Dunia ilipitisha Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki mwaka 2013. Nilipomweleza habari za kongamano, mama aliuliza: "Hao wageni watatuambia hii dawa inatufanya nini, ama wataongea wenyewe kwa Kizungu?"

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka Johannesburg ya 1981: wataalamu wakizungumzia madini katika nchi ambako Mwafrika aliyeyachimba bado alitakiwa kubeba pasi ili atembee mjini. Nikakumbuka Nairobi ya Desemba 1932. Na sasa makampuni yamerudi. Mwaka 2020 Shanta Gold ilinunua mradi wa utafutaji dhahabu wa Kenya Magharibi, unaofika Isulu na Bushiangala, na swali la nani atahama na kwa fidia gani limerudi pamoja nao.

Basi ukurasa nimeuandika, na chini yake nikaongeza ombi: siku moja nzima ya kongamano ifanyike Rosterman, kwa Kiswahili na Kiluhya, na wachimbaji wakae mbele kama watoa mada.

Rafiki yangu alijibu haraka. "Wazo poa. Lakini kiingilio cha makongamano haya ni mamia ya dola. Nani atamlipia mama?"

Nikamwandikia: "Futeni dhifa ya usiku wa mwisho."

Alama mbili za buluu zilionekana. Bado nasubiri jibu.