Dawa ya Mtoto Asiyetulia

Fungueni madaftari.

Kila kijiji kina mtoto asiyetulia. Mwalimu anafundisha, yeye yu dirishani. Ukimtuma maji, anarudi na kumbikumbi. Si kila mtundu ni mgonjwa, lakini wako ambao kutotulia kwao ni ugonjwa, nao wamechapwa bure.

Mwaka 1937, Daktari Charles Bradley wa Marekani aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia dawa iitwayo Benzedrine. Hiyo ni dawa ya kuchangamsha mwili. Ajabu ni kwamba baadhi yao, badala ya kuruka zaidi, walitulia! Watoto 14 walibadilika sana darasani. Dawa ilipokatwa, hali ya zamani ikarudi.

Je, daktari atajuaje mapema ni mtoto yupi atakayefaidika? Hata leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotabiri kwa hakika. Daktari huanza na kiasi kidogo, kisha humwuliza mwalimu, “Anasikiliza?” na mama, “Anakula? Analala?” Kwa majibu hayo huongeza dawa, huipunguza au huibadili.