Karani aliyejenga nchi angani

Wadau, juzi nilikuwa nalalamika kwamba kazi ya chumba cha habari hainiachii muda wa kuandika riwaya. Nikamkumbuka Shaaban Robert (1909–1962). Mzee yule alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani. Kusadikika, iliyotoka 1951, ni nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa ng'ambo, wakarudi na kutupwa gerezani. Mwajiriwa wa Mwingereza angeyaandikaje hayo waziwazi kuhusu Tanganyika? Akaipandisha nchi hewani. Kwa maoni yangu, woga ule (au busara, ukipenda) ndio uliomnoa kalamu. Kufikirika, nchi yake nyingine ya kubuni, ilichapwa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake.